Virungu vya Ngozi na Fundo la Nassoro

Nimesikia. Jumamosi mnakwenda Kipawa kwa Nassoro, mkajifunze mshono wa kirungu muutie kwenye mikono ya pochi zenu. Zawadi mwenzenu ndiye kaniambia, tena huku anaangalia chini, maana anajua mie na Nassoro tulivyo. Nendeni. Sijamkataza mtu. Karakana yenu ya Tabata mmeianzisha wenyewe na mwalimu mnamchagua wenyewe. Ila kwa kuwa na mie nilikaa kwenye kazi hiyohiyo, benchi lilelile, na huyo mwalimu wenu yuko pembeni yangu mpaka mvi zikatuota, nadhani nina haki ya kusema yangu mawili matatu kabla hamjaenda kushangaa.

Najua mtasema mzee Anselmi ana wivu. Fidea, mke wangu, hasemi, anacheka tu. Haya, ninao. Tusipotezeane muda.

Wengi wenu kirungu cha ngozi hamjawahi hata kukishika. Mnavyovijua nyie ni vya mpira na vya plastiki. Cha kwetu kilikuwa kifupi, kinaingia mfuko wa nyuma wa suruali, bapa mbele na chembamba nyuma, umbo la mwiko. Ni vipande viwili vya ngozi vilivyoshonwa pamoja pembeni. Ndani tumbo lake limejazwa punje za risasi, yale madini mazito, mpini una chuma cha springi, na mwishoni kuna ukanda wa kuingiza mkono. Waliokuwa wakivitaka ni polisi wa zamu, walinzi wa maghala, na mara mojamoja tajiri mwoga.

Waliovitengeneza mjini hapa walikuwa wachache, na sie wa Chang'ombe ndio tuliojulikana. Mwenye karakana alikuwa Mzee Abdalla, Mungu amrehemu, mtu wa asili ya Kiarabu, ambaye kwanza alikuwa akishona matandiko ya punda kama baba yake. Punda wa mikokoteni walipopungua, ngozi ikamdodea. Ndipo akaja ofisa mmoja na kirungu cha Ulaya kimefumuka mshono, akauliza kama kinatengenezeka. Mzee Abdalla hakushona palipofumuka. Alikifumua chote, akakilaza mezani kipande kipande, akakitazama mpaka chai ikapoa, halafu akakirudisha kizima. Kilichofuata kikawa cha kwake mwenyewe. Kwa hiyo msije mkaambiwa kwamba tulifundishwa na Mzungu. Aliyetufundisha ni kirungu kibovu.

Mie niliingia pale nikitokea Mbinga, kutia uzi kwenye sindano kunanishinda. Nassoro nilimkuta. Mzee Abdalla alikuwa mjomba wake. Nasema tu, sina maana yoyote.

Sasa sikilizeni kazi, maana huko Kipawa mtaonyeshwa mapambo. Kirungu kinaanzia kwenye kuchagua ngozi. Unachukua ya mgongo wa ng'ombe, usichukue ya tumbo hata ukipewa bure. Mie niliwahi kuchukua ya tumbo. Ilikuwa laini, inakatika vizuri, nikajiona nimeokota dodo. Nikashona kirungu safi, nikajaza, mteja akaondoka nacho anatabasamu. Akarudi nacho kimerefuka, kimelegea, kinaning'inia mkononi mwake kama soksi. Mzee Abdalla hakunifokea. Alikitundika ukutani juu ya kichwa changu, kikakaa pale kinaning'inia, na kila aliyeingia aliuliza kile nini. Nassoro ndiye alikuwa akiwajibu, tena kwa furaha, "Hiki ni cha Anselmi. Bado kinakua."

Ngozi ukishaikata unailoweka, unaishona ikiwa mbichi ya maji, unaikausha kivulini. Kivulini, nyie! Nimewaona mnaanika mikanda kwenye bati la jirani pale Tabata, roho ikaniuma. Jua linaikausha ngozi upande mmoja, ule mwingine unabaki unashangaa, na mshono unavutwa mpaka unapinda. Kutoboa unatumia msharasi, ile sindano nene yenye mpini, na unatoboa kimshazari. Uzi mmoja, sindano mbili, kila sindano inapita tundu lilelile kutoka upande wake. Hapo uzi ukikatika sehemu moja, wa upande wa pili unashika. Na uzi uvutwe kwenye nta ya nyuki mpaka ulie. Jioni kama vidole havikuumi, mshono wako hauna kazi.

Hayo yote tuliyafanya kila mtu anamwona mwenzake. Lakini Mzee Abdalla alikuwa na sheria moja, na hiyo ndiyo iliyoniharibia maisha. Alisema kila fundi ana haki ya jambo lake moja. Ukifika kwenye jambo hilo, unageuka na kigoda chako, unatazama ukuta, na hakuna ruhusa mtu kusimama nyuma yako. Alisema fundi asiyekuwa na siri hata moja atafanya kazi kama mtu wa kukodiwa. Na kweli, ukiingia karakanani pale ungekuta mtu na akili zake kaupa mgongo ulimwengu, kauinamia ukuta, anafanya lake, na wote tunajitia hatuoni.

Mie nilikuwa nageukia ukuta kwenye kujaza. Nassoro alikuwa anageuka kwenye kufunga.

Niwaeleze kujaza. Risasi tulikuwa tunaipata kwenye chubwi za wavuvi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, na kwenye betri mbovu. Tunaiyeyushia nje, maana moshi wake mbaya, tunaidondosha kwenye ndoo ya maji inakuwa punje. Ukizitia punje peke yake, kirungu kinalia kayamba. Wenzangu walichanganya na unga wa mbao. Sawa, ukikijaza leo kimya, lakini unga unashuka, unajikusanya chini, na mwaka haujaisha kinaanza chwa chwa chwa. Changu mie hakikuwahi kulia. Kitikise, kipige, kiangushe, kimya. Nilichochanganya na risasi hakuna aliyekijua, si Mzee Abdalla, si Nassoro, si Fidea.

Na cha Nassoro kililia! Hapo ndipo msikilize vizuri. Kililia, na watu bado wakakitaka.

Kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya fundo. Ukimaliza kujaza, unafunga mdomo wa kirungu kule kwenye mpini, na uzi lazima uishie mahali. Sie wote tulifunga fundo, tukalipigapiga nyundo lilale, tukalipaka nta. Linabaki, dogo, lakini lipo. Cha Nassoro hakikuwa nalo. Mshono unazunguka, unazunguka, unarudi ulikotoka, na huoni ulipoanzia wala ulipoishia. Nimepitisha ukucha, nimepitisha ulimi. Ndiyo, ulimi, msinicheke. Hakuna kitu.

Palikuwa na mlinzi mmoja wa ghala la Kurasini, mtu mnene mcheshi, aliyenunua cha Nassoro. Akaja siku moja analalamika. Kasema wezi walikuwa wameshaingia ghalani, yeye anawanyatia nyuma ya magunia, kumbe mkononi chwa chwa chwa, wezi wakageuka, "Nani huyo?" Wakatoka mbio na yeye asishike hata shati. Nikaona leo ndiyo leo. Nikampa changu. Nikamwambia, "Kitikise mzee." Akatikisa. "Hee, kimya!" Moyo wangu ukajaa. Akakigeuza, akaona fundo langu pale kwenye mpini, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Aka! Hiki kina kitovu! Nassoro, nipe kingine chako, nitakwenda polepole."

Basi. Kutoka hapo jina langu likawa Fundi Kitovu. Watoto wa Chang'ombe waliniita hivyo, muuza kahawa akaniita hivyo, na mpaka leo kuna mzee pale Temeke sokoni akiniona anasema, "Shikamoo, Kitovu," na yeye ni mkubwa kwangu.

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Mie nilifanya hivi: nilinuna. Nilinuna vizuri kabisa, kama mtu aliyesomea. Na Nassoro alivyo na roho yake ile ya kukera, hakuona kama nimenuna. Alinikaribisha chai. Alinigawia kalimati za mama yake. Mtoto wetu wa kwanza alipobatizwa, akaja kanisani, Mwislamu yule, kakaa benchi la nyuma katulia, halafu akampa Fidea pochi ya ngozi ya mbuzi aliyoshona mwenyewe. Mshono uleule. Fidea alibeba pochi ile kanisani kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi. Nikaona haiwezekani. Nikamshonea yangu, kubwa, imara, ya ngozi ya ng'ombe, unaweza kubebea hata mawe. Akanishukuru sana. Akaweka vitunguu.

Zawadi aliniuliza siku moja, na lilikuwa swali la maana, "Babu, kwani mlikuwa hamjisikii vibaya? Si mlikuwa mnatengeneza kitu cha kupigia watu?" Tulijisikia, mwanangu. Ndiyo maana Mzee Abdalla alikuwa na sheria ya pili: kirungu hakitoki mpaka aliyekitengeneza ajipige nacho paja, mbele ya mzee mwenyewe, kwa nguvu za mtu mwenye hasira. Alisema kirungu ni cha kumkalisha mtu chini, siyo cha kumvunja. Ukijipiga ukasikia nyama imeuma, sawa. Ukisikia mfupa umeitika, kifumue, punguza risasi. Tulikuwa tunarudi nyumbani tunachechemea karakana nzima. Fidea siku za mwanzo wa ndoa aliliona paja langu, akafikiri nina mwanamke mwingine na mumewe kanifuma. Na nikimwona mtu mtaani kafungwa bandeji kichwani nilikuwaga nasimama, najiuliza, kile kilikuwa cha nani? Sikuwahi kupata jibu. Kazi ile ilikuwa na hilo, na nyie mnaoshona pochi shukuruni hamna.

Kuhusu paja nitamsifu Nassoro mara moja, halafu basi. Alijipiga kwa nguvu kuliko sie wote. Hakudanganya hata siku moja.

Halafu vikaja vya mpira. Vinatoka kwenye boksi vimefanana vyote, havitaki nta, havitaki kivuli. Wateja wakapungua polepole, bila kuaga. Mzee Abdalla akatuhamishia kwenye mikanda, mikoba ya shule, vifuko vya redio. Alipofariki, karakana ikafungwa, na vigoda vyetu viwili vikabaki vimetazama ukuta hadi vilipochukuliwa. Nassoro akaenda kwa watu wake Kipawa. Mie nikabaki Temeke nashona kandambili mpaka macho yakakataa. Tangu hapo tunaonana misibani. Tunapeana mikono, tunaulizana presha. Mara zote ulimi unaniwasha kumwuliza fundo linakwenda wapi. Mara zote naishia kusema, "Haya bwana, tusalimie huko."

Mtaona jambo dogo. Fundo tu! Lakini fikirini, mtu umekaa hatua moja kutoka kwenye kitu unachokitaka kuliko vyote, umeusikia uzi unapita, umesikia ngozi inavutwa, na unachokiona ni mgongo. Mgongo wa Nassoro naujua kuliko uso wake. Sikutaka fedha yake wala ujomba wake. Nilitaka kujua. Na kuomba sikuweza, maana ningeomba, angejua kuwa kanishinda.

Mwaka jana yule mlinzi mnene, siku hizi kakonda, anauza mkaa jirani yetu, alinipa kile kirungu chake. Kasema wajukuu wanakichezea, nichukue. Cha Nassoro. Kipo mezani kwangu hadi leo. Ngozi imekuwa nyeusi kwa jasho la mkono, inang'aa, na mshono wote umesimama, hata tundu moja halijapanuka. Kila asubuhi nakitikisa. Chwa chwa. Hilo linanifariji kidogo. Halafu nashika kisu. Nikikipasua pale kwenye mpini nitaliona fundo na mambo yamekwisha. Na kila nikitaka kupasua, mkono unakataa. Huenda ndicho cha mwisho kilichobaki mjini humu, na mie siwezi kukirudisha kilivyokuwa. Fidea ananiangalia kutoka jikoni. "Mume wangu, si umwulize tu? Ana simu." Namwambia aangalie vitunguu vyake.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niwaite hapa. Zawadi alipokwenda Kipawa kumwomba Nassoro awafundishe, nililala usingizi mzuri. Nikajua atakataa. Mtu kageukia ukuta maisha yake yote, atageuka leo kwa ajili ya watoto wa Tabata? Zawadi akarudi, akanikuta kibarazani.

"Shikamoo babu. Kakubali."

"Marahaba. Kakubali nini?"

"Yote. Kasema hata kufunga atatuonyesha. Kasema tukae mbele yake, tusikae mgongoni."

Loh! Zawadi akaniuliza kama naumwa. Nyie, ambao hamkuwahi kusikia hata harufu ya karakana ile! Nyie mnaoanika ngozi kwenye bati! Mtalipata asubuhi moja, kwa chai na kalimati, kitu nilichokikodolea macho ujana wangu wote. Hapo nilimwacha Nassoro apumzike kidogo, wivu wangu wote nikauhamishia kwenu. Bado uko kwenu, msijidanganye.

Nikajikaza. Nikamwambia, "Zawadi, akifika kwenye kufunga, angalia uzi unaingilia wapi. Uje uniambie. Na usimwambie nimekutuma."

Zawadi akaanza kusokota ncha ya mtandio wake. "Babu, samahani. Nilishamwambia."

"Umemwambia nini wewe?"

"Kwamba una kirungu chake mezani, unakishikia kisu kila siku na hujawahi kukipasua."

Ardhi ingepasuka ningeingia. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akapaliwa. Halafu akaingia ndani, akatoka na kirungu. Akakitikisa karibu na sikio langu. Kimya, babu. Hakina sauti kabisa. Na kwenye mpini kina kile..."

"Kitovu. Sema tu."

"Ndiyo. Kasema, 'Wallahi, yule bwana! Na mie nina chake hapa tangu karakana ilipofungwa. Kila siku nasema leo nakipasua nione katia nini humu, na mkono unakataa. Mwambie Anselmi aje Jumamosi. Fundo nitamwonyesha yeye wa kwanza. Ila na yeye anionyeshe anajazaje, maana mie hilo limeninyima raha tangu ujana, nami naomba nife nalijua.'"

Basi ndiyo hivyo. Jumamosi tunakwenda wote. Mie nakaa mbele, nyie nyuma, na mwenye kunisukuma tutaonana. Makumbi ya nazi nimeshayachambua uzi mmoja mmoja, nimeyachovya kwenye nta ya moto, na punje za risasi nimezibana humo zisipate pa kukimbilia. Ndiyo siri yangu hiyo, mmeshaisikia, ifungeni midomoni mpaka tufike. Fidea kanipigia pasi shati, na pochi yake ya kanisani ameitoa, anasema naye anakwenda.

Nimefurahi, nisiseme uongo. Lakini tangu Zawadi aondoke kibarazani, kuna jambo moja linanikera. Kumbe miaka yote tulikuwa wawili, kila mtu kaukodolea macho mgongo wa mwenzake. Mie ningekufa na langu moyoni. Yeye kasema waziwazi, mbele ya mtoto wa watu, tena anacheka: hilo silijui, naomba unionyeshe. Hata kuuliza, bwana yule kanizidi.